Saprize ya pete Zanzibar kwa wikiendi moja: nahodha nampa tano, mratibu nampa mbili

Naanza na maksi kabisa, mwenye haraka asome aende zake. Nahodha na kijana wake tano kwa tano. Mpiga picha tatu. Mratibu wa saprize, yule wa WhatsApp mwenye maua mengi kwenye status, mbili, na hiyo ya pili nimempa kwa sababu ndo alietukutanisha na nahodha. Majina yao siyataji mana malalamiko tumeshayamaliza wenyewe kwa wenyewe na sitaki kumharibia mtu riziki, ila huduma za namna hii pale Unguja sa hivi zimejaa na zinafanana fanana, kwaiyo nitakayoyasema yatakusaidia hata ukienda kwa mwingine.

Mhusika sio mimi, ni kaka yangu. Yeye kazi yake iko Muscat, likizo anapewa kiduchu, na hiyo kiduchu yenyewe akifika Dar inaliwa na misiba aliyoikosa na mashangazi wanaotaka kusalimiwa mmoja mmoja, ikabaki wikiendi moja tu ambayo yeye na wifi yangu wote wako huru, mana wifi nae Jumatatu asubuhi anatakiwa awe mezani kwake Posta. Posa ilishapelekwa zamani na majibu yalisharudi, wazee wamekula biriani lao, mahari imetajwa. Lakini broo akang'ang'ania kwamba anataka amuulize mwenyewe kwa mdomo wake na amvishe pete kwa mkono wake. Mama akamwambia magoti ni ya sala, wewe unampigia magoti binti wa watu ili iweje, kashakubaliwa mtu. Basi wakabishana wee mpaka mama akasema haya nendeni, ila hamuendi wawili. Ndo nikaunganishwa mimi na binti wa mama mdogo, vyumba viwili, wanawake huku na yeye peke yake kule, na kwa vile mimi ndo mwenye bando na mwenye mdomo, mipango yote ikaniangukia mimi.

Sa hapo kwanza ni kuchagua wapi, na ukiwa na wikiendi moja sehemu nyingi zinajifuta zenyewe. Broo alikua anataka The Rock, ule mgahawa uliokaa juu ya jiwe kule Michamvi Pingwe, kwa picha ni mzuri kweli, maji yakitoka unaenda kwa miguu na yakijaa unavushwa na kiboti. Lakini ni upande wa mashariki, kutoka mjini unakula barabara saa nzima na zaidi, urudi tena hivyo hivyo, na meza ni ya kubuku mapema. Tena upande ule wa mashariki, Paje, Jambiani, Pingwe, jua linachomoza baharini, halizami baharini, watu wanasahau hilo wanalipia kifurushi cha sanseti halafu jua linawazamia nyuma ya minazi. Anaetaka jua lizame majini aende Kendwa, au Nungwi ile sehemu inayoangalia magharibi, au abaki hapo hapo mjini. Kendwa nayo ni karibia kilomita 60 toka mjini, na dereva akikutana na msafara au akisimama simama ni saa moja na nusu imeenda. Sisi tulikua tunaingia Jumamosi asubuhi na kutoka Jumapili alasiri. Nikasema mjini, na baharini mbele ya mji, basi.

Ndo nikampata huyo mratibu. Mtu mchangamfu, voisi noti ndefu ndefu, kila sentensi "my dear". Kifurushi chake cha kwanza kilikua laki sita na nusu, ndani yake boti, mpiga picha, tao la maua, maputo, waridi za kumwaga chini, keki, na zile herufi kubwa za taa za kiingereza zinazosema nioe au niolewe sijui. Mahali alichagua fungu la mchanga la Nakupenda, muda akaweka saa kumi na mbili jioni, jua likizama, Jumamosi. Nikamuuliza herufi za taa pale mtachomeka wapi, akasema wana betri. Sawa. Nikamuuliza drone aliyoisema ina kibali, mana drone nchi hii haziruki kienyeji, akasema hilo niachie mimi my dear. Nikaitoa drone kwenye orodha. Alafu nikamwambia naomba niongee na mwenye boti.

Hapo ndo pesa yetu ilipookoka. Nahodha ni mtu mzima, sauti ya taratibu, kiunguja chenyewe. Nikamsomea ratiba akakaa kimya, akasema, "Bi dada, hiyo jioni fungu lenyewe halipo. Bamvua hiyo, maji makubwa saa kumi na kitu. Sasa huyo bwana atapiga goti wapi?"

Nitaeleza hili kidogo mana ndo kiini cha review nzima na hakuna kwenye vipeperushi. Lile fungu la Nakupenda sio kisiwa, ni mchanga tu ulioko baharini mbele ya mji, karibu na Changuu, kile kisiwa cha gereza la zamani, maji yakipwa unatoka mweupe kabisa na yakijaa unapungua mpaka unaweza kubaki kipande au usibaki kitu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndo unaandama kunakua na bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, kwa Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo inaweza kufika karibu mita 4. Na siku za bamvua kwa huku kwetu saa zake ni zile zile miaka yote, maji yanajaa alasiri kwenye saa kumi, saa kumi na moja hivi, na yanakupwa asubuhi kwenye saa nne, saa tano. Wiki moja baadae, mwezi ukiwa nusu, yanageuka, yanakupwa jioni, ila hayo ni maji mafu, hayatoki sana. Na kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Sisi wikiendi yetu mwezi ulikua mpevu. Mana ake yule mratibu alikua anatuuzia goti la saa kumi na mbili jioni juu ya mchanga ambao muda huo uko chini ya maji! Na sio kwamba alikua tapeli, alikua hajui tu, kazoea kupanga kwenye mahoteli ambako kapeti haiendi popote.

Kwaiyo swali langu la kwanza kwa yeyote anaekuuzia saprize ya fungu la mchanga ni maji yanakupwa saa ngapi siku hiyo. Akianza kukujibu kuhusu rangi ya maputo, kata simu.

Nahodha akanipa ratiba nyingine. Jumamosi jioni mpande mashua ya tanga, mtembee mbele ya mji, jua lizame, mrudi, asivishwe mtu kitu. Jumapili saa mbili kamili asubuhi tutoke, fungu litakua limeshaanza kutoka, mtakua wenyewe, mana boti za watalii zinaanza kumiminika kwenye saa nne na zikifika pale panakua soko. Saa tatu kazi imeisha, mnakwenda Changuu kuangalia kobe, saa sita mko mjini, boti yenu ya alasiri mnaiwahi mkiwa mmeshakula. Nikapenda hapo hapo. Na kuna kitu yeye hakukisema ila mimi kama mwanamke nilikiona, wifi yangu sio mtoto, akiambiwa tu twende Zanzibar na kaka mtu katoka Muscat na wiki nzima anaficha ficha begi, ataingojea pete kwenye sanseti. Ikipita sanseti bila kitu, anashusha silaha.

Nikarudi kwa mratibu nikamwambia tao sitaki, taa sitaki, maputo sitaki, waridi za plastiki sitaki, nataka boti, mpiga picha na maua kidogo. Akanuna mpaka kwenye voisi noti nikamsikia amenuna, lakini tukaelewana laki nne na nusu, nusu kwanza na nusu baada ya shughuli. Alitaka yote kwanza. Msikubali yote kwanza.

Boti ya kwenda sina neno. Tulichukua ya Azam ya saa moja asubuhi, ukiwa na safari fupi hiyo ndo yenyewe, mnafika mkiwa bado na siku nzima mbele. Fika bandarini mapema, beba kitambulisho, na mzigo unapita kwenye mashine kwaiyo pete asibebe mwenye kuvisha mbele ya mwenye kuvishwa, akiulizwa hii nini kwenye begi saprize inaishia Dar. Pete nilibeba mimi ndani ya pochi ya dawa. Dhahabu yenyewe kainunua Matrah, huko huko Muscat, na saizi nilimtumia mimi, nilimuomba wifi pete yake nijaribu, nikaipitisha kwenye kidole changu nikaweka alama ya kalamu ilipoishia, alafu nikazungusha uzi nikaupima kwa rula. Ilimkaa kama kapimwa na sonara. Wale wanaokisia kwa macho ndo hao unaona kwenye video pete imegoma kwenye kifundo.

Jumamosi jioni mashua ilikua tamu kuliko nilivyotegemea. Mashua ya tanga kweli, sio boti ya fiba iliyotundikiwa kitambaa. Ukiwa kule majini unauona mji wote umejipanga, Ngome Kongwe, Forodhani, na Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo upande wake ulishuka Desemba 2020, inauma kuliangalia. Ilikua mwezi wa nane, jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu kasoro hivi, na huku kwetu likishazama hakuna cha kungoja, ndani ya nusu saa giza. Watu wanaoweka miadi na mpiga picha "saa kumi na mbili na nusu sanseti" wanapiga picha za gizani. Mwaka mzima kwa Unguja jua linachezea kati ya saa kumi na mbili na kitu mpaka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi, uliza siku yako kabisa.

Sa mwangalie wifi. Kapaka hina mpya, kucha safi, mtandio wa kuazima kwa dada yake. Kila broo akiingiza mkono mfukoni wifi anakaa vizuri, anarekebisha mtandio. Mkono unatoka na simu. Mara ya pili unatoka na pipi za tangawizi, "dada chukua, usije ukatapika." Jua likazama, nahodha akageuza chombo, wifi kanyamaza kimya. Mimi na binti wa mama mdogo tulikua tunabana vicheko mpaka mbavu zinauma. Tukaenda Forodhani kula, na hapo niseme tu, urojo na pizza za Kizanzibari na juisi ya muwa hakuna shida, ila vitu vya baharini ulizia bei kabla hakijawekwa kwenye sahani na uangalie macho ya samaki sio maneno ya muuzaji. Wifi alikula pizza moja na nusu kwa hasira.

Jumapili saa mbili kasoro tuko ufukweni. Hapa namsifia nahodha kwa vitu ambavyo kwenye bei havikuandikwa. Laifu jaketi zilikuwepo za watu wote na alitusimamia tukazivaa kabla ya kung'oa nanga, mimi nimepanda boti nyingi huko kwengine unaambiwa iko chini ya kiti. Mkewe alikua ametunga kikuba cha asumini na mrehani usiku, akakileta kwenye kitambaa kibichi kisinyauke, na ndo maua pekee tuliyokua nayo na yalitosha na yakabaki. Na kijana wake, baharia mdogo tu, alivyosikia pete itatolewa mchangani akaiomba boksi, akatoa kipande cha mshipi wa kuvulia, akaifunga pete kwenye boksi kwa fundo la kuvuta. "Kaka ukimaliza kusema vuta hapa, inafunguka. Ikikuponyoka haiendi." Watu wameshawahi kupoteza pete pale nini, nikamuuliza, akacheka tu hakujibu.

Tulifika fungu likiwa ndo linatoka, mchanga bado umelowa una mistari mistari ya maji, hakuna mtu. Nahodha hakusogea karibu. Maji yakiwa yanakupwa ukitia nanga karibu na mchanga, ukija kugeuka chombo kimepwelewa, kiko kavu, mnakaa hapo mpaka maji yarudi, na sisi tulikua na boti ya alasiri. Akatia nanga kwenye kina, tukashuka maji ya magoti, nguo tumezinyanyua. Kwaiyo kina dada, gauni refu la kuburuza la kukodi achaneni nalo, vaa kitu chepesi ambacho hata kikilowa huoni haya, na mtandio ufungwe kwa pini mana upepo wa kusi hauna adabu.

Wifi kaambiwa tunapita tu kupiga picha kisha kwenye kobe. Broo akatembea nae kwenda upande wa mbali, mpiga picha nyuma yao anajifanya anapiga ndege. Mimi nilikua mbali kidogo maneno yote sikuyasikia, nilichoona ni broo kashuka goti moja na wimbi dogo likaja likamlowesha mpaka kiunoni, na wifi kitu cha kwanza kukisema, kwa sauti ambayo tuliisikia wote, "Si uinuke kwanza, unaloa!" Broo hainuki, anahangaika na fundo. Akavuta mshipi, ikafunguka kweli, akavisha. Nikapiga kigelegele mpaka koo likakauka, binti wa mama mdogo akapokea, na kuna boti ya Wazungu ndo ilikua inakaribia nao wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Wifi akaanza kulia baadae kabisa tukiwa tumeshakaa kwenye mkeka tunakula matikiti, anasema "jana usiku nilikuchukia kweli".

Sasa mratibu. Tuko tunakusanya vitu tuondoke, saa nne na kitu, inakuja boti ya pili na vijana wawili na tao la maua limelala kwenye boti kama kitanda, maputo, na mfuko wa waridi za plastiki. Nilishayakataa yote hayo! Eti "tumeona tuwaongezee tu". Kijana mmoja akafungua mfuko anataka kumwaga maua ili warudie tukio kwa ajili ya video. Nahodha, mtu ambae asubuhi nzima hajapandisha sauti, akamwambia, "Mwanangu, hayo ukimwaga hapa yanakwenda kwa samaki. Rudisha mfukoni." Akarudisha. Kisha mratibu akaja kudai pesa ya tao na ya mafuta ya boti ya pili. Tulibishana mimi na yeye kwenye simu mpaka tumefika kwa kobe. Mwisho nikalipa kile tulichoandikiana kwenye WhatsApp, meseji zote ninazo nikamrudishia moja moja, akakubali. Kwaiyo andikianeni, voisi noti haina ushahidi mzuri, nani ana muda wa kusikiliza dakika nne kutafuta sentensi moja.

Changuu msiiruke kama mna nafasi. Gereza lenyewe lilijengwa miaka ya 1890 na halikufunga wafungwa, likaja kutumika kuweka karantini. Kobe asili yao ni Ushelisheli, waliletwa 1919, na wengine wana umri umeandikwa kwa rangi kwenye gamba, unakuta zaidi ya mia. Broo akamwonyesha wifi kobe mmoja akasema tutafika hapo inshallah, wifi akamjibu kwanza ufike Disemba ya harusi na likizo yako hiyo.

Mpiga picha. Kazi yake nzuri, hana fujo, alijificha vizuri, na saa tatu ile mwanga ulikua bado una huruma, nusu saa tu mbele kwenye mchanga mweupe kila mtu anakua kafumba macho. Picha ya fundo la mshipi aliipata, broo anavuta kwa meno, ndo picha bora kuliko zote. Nimemkata maksi kwa sababu ya ahadi. Alisema siku tatu. Picha zikaja broo ameshapanda ndege karudi Muscat, ikabidi nimtumie mimi, na video mpaka naandika hapa bado.

Pesa kwa ujumla: laki nne na nusu ya kifurushi, pembeni nikampa nahodha na kijana wake cha asante, na mke wa nahodha cha kikuba. Ningejua mapema ningemlipa nahodha boti yake moja kwa moja na mpiga picha wake kivyake, naona ingeshuka vizuri tu, mratibu kwa shughuli ndogo ya watu wanne hana anachoongeza. Kama shughuli ni kubwa, wageni thelathini na hoteli na muziki, hapo mtafute mratibu, ila aongee na nahodha mbele yako.

Kurudi: wakati wa kusi boti ya kwenda Dar inakabiliana na mawimbi uso kwa uso, kaa chini na nyuma, tafuna tangawizi, usishibe sana. Wifi alilala safari nzima na mkono wa pete juu ya begi. Mwezi wa nne kwenye masika yenyewe sikushauri kabisa shughuli ya baharini, mvua haina miadi. Na Ramadhani msipange mambo ya kula ufukweni mchana, heshimuni watu, subirini futari Forodhani ndo raha yake. Mji Mkongwe wenyewe mavazi ya staha siku zote, hata kama picha zako za insta zinadai vingine.

Wanaoniuliza namba ya nahodha, siiweki hapa wazi mana hajaniruhusu, njoo inbox nikuombee kwanza. Lakini njoo na tarehe yako na uangalie mwezi siku hiyo ukoje, mana kitu cha kwanza atakachokuuliza ni hicho, sio bajeti.